Waliojadili na Waliobeba Kuni

Makatibu wa Jumuiya ya Dialectic, ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, walikuwa wabahili wa maneno. Ukifungua kumbukumbu zao za karne ya 19 utakuta tarehe, kisha majina ya waliokosa kikao, waliochelewa, na waliopigwa faini kwa kunong'ona au kucheka wakati mwenzao anazungumza. Utakuta vitabu vilivyonunuliwa kwa ajili ya maktaba. Utakuta swali lililojadiliwa jioni hiyo, na mwishoni uamuzi: waliokubali wameshinda, au waliokataa wameshinda. Basi. Kilichosemwa kati ya swali na uamuzi hakipo. Vijana walisimama, wakatoa jasho, wakapiga meza, na katibu akaandika mstari mmoja.

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa. Nilifika kwenye kumbukumbu hizi kwa sababu nilitaka kujua vijana wa zamani walifundishwaje kubishana, na sehemu ya nyaraka zao inasomeka mtandaoni. Nilidhani nitasoma kwa juma moja na kuendelea na mambo mengine. Kilichonizuia ni swali ambalo bado sijalimaliza, na naliweka hapa kwa sababu naamini wengi wetu tuliosoma sekondari za Afrika Mashariki tumekalia benchi lilelile: je, ni haki kuyafanya maisha ya mtu mwingine kuwa zoezi la kujifunzia kusema?

Kwanza historia kidogo. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1795, na mwanafunzi wa kwanza, Hinton James, alifika mwezi Februari. Kufikia Juni mwaka huohuo wanafunzi walikwisha kuunda jumuiya ya mdahalo, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa mbili. Moja ikaja kuitwa Dialectic, nyingine Philanthropic. Rangi ya kwanza ilikuwa buluu, ya pili nyeupe, na hadi leo rangi za chuo hicho ni buluu ya mbingu na nyeupe. Kila jumuiya ilikuwa na ukumbi wake, viongozi wake na maktaba yake. James K. Polk, aliyehitimu mwaka 1818 na baadaye kuwa Rais wa Marekani, alijifunza kusimama mbele za watu ndani ya Dialectic. Watu waliotoka kwenye kumbi hizo walikwenda kuwa mawakili, wabunge, magavana na mapadri. Kwa ufupi, hapo ndipo watawala walipofanyia mazoezi.

Kaulimbiu ya Philanthropic ilikuwa na maneno matatu: Maadili, Uhuru, Elimu. Neno la katikati lisomwe taratibu, kwa maana North Carolina lilikuwa jimbo la utumwa, na chuo chenyewe kilitegemea watumwa. Wao ndio waliochota maji, waliopasua na kubeba kuni, waliofagia vyumba vya wanafunzi na kung'arisha viatu vyao. Joseph Caldwell, rais wa kwanza wa chuo, alimmiliki mtu aliyeitwa November, ambaye watu wa Chapel Hill walimjua vizuri. Mtoto wake, Wilson Caldwell, alizaliwa mwaka 1841 akiwa mali ya rais aliyefuata, David Swain.

Wanafunzi hawa walijadili utumwa, na si mara moja. Waliujadili kama walivyojadili vita, ndoa, serikali na mashujaa wa Roma ya kale. Walipangiana pande, walizungumza kwa zamu, walipiga kura. Kumbi zao zilikuwa na moto wakati wa baridi, na sidhani kama kuni zilijileta zenyewe. Najaribu kuwaza hali ya aliyezileta. Anaingia mikono imejaa, anainama, anachochea, anasikia sentensi mbili tatu kuhusu kama ni halali yeye kuwa mali ya mtu, anatoka, anafunga mlango. Katibu hawezi kuandika kwamba aliingia. Hakuwa mjumbe.

Ni rahisi sana kuwacheka vijana hawa, na sitaki kufanya hivyo, kwa sababu mdahalo ni kitu chema na nina hoja nzito za kuutetea. Kijana anayelazimishwa kutetea upande asioupenda anajifunza kwamba mpinzani wake ana akili. Anajifunza kusubiri zamu. Anajifunza kwamba sauti kubwa na hoja nzuri ni vitu viwili. Katika jamii ambayo watu wenye mali walizoea kumaliza ugomvi kwa bastola, faini ya kumkatiza mwenzako ilikuwa hatua ya ustaarabu. Tena, swali lisilojadiliwa huwa halifi. Linakuwa desturi, na desturi haiulizwi. Nani atasema ingekuwa afadhali wanafunzi hao wasiutaje utumwa kabisa?

John Stuart Mill ndiye aliyeitetea hoja hii kuliko wote. Alikuwa mtu wa midahalo tangu ujana wake, na mwaka 1825, akiwa na miaka 19, alishiriki kuanzisha jumuiya ya mdahalo ya London. Katika kitabu chake kuhusu uhuru, kilichotoka mwaka 1859, anasema kwamba mtu anayejua upande wake tu hata huo haujui vizuri. Sehemu hiyo hunukuliwa kila mahali. Wachache huendelea hadi sentensi chache mbele, ambapo Mill anaweka sharti. Haitoshi, anasema, kusikia hoja za wapinzani kutoka kwa walimu wako, zikielezwa jinsi walimu wanavyozieleza. Lazima uzisikie kwa watu wanaoziamini kweli, wanaozitetea kwa moyo wao wote.

Sharti hilo ndilo linalobomoa ukumbi wa Chapel Hill. Kijana aliyepangiwa kupinga utumwa jioni ile huenda alisema vizuri sana. Huenda alimnukuu Cicero. Lakini alikuwa anauwasilisha upande ambao mwenyewe mwenye nao alikuwa nje, ameshika shoka. Kwa kipimo cha Mill, waliomsikiliza hawakuwa wameusikia upande wa pili. Walisikia mwangwi wake, umetengenezwa na mtu ambaye kesho yake asubuhi angeoshewa viatu.

Wala usifikiri kwamba hapakuwa na mtu wa kuusema. Alikuwepo, na wanafunzi walimfahamu kwa jina.

George Moses Horton alizaliwa katika utumwa mwishoni mwa karne ya 18 na alikulia kwenye shamba katika wilaya ya Chatham. Alijifunza kusoma mwenyewe, kwa kitabu chakavu cha tahajia na kitabu cha nyimbo za dini. Siku za Jumapili alitembea maili nane hivi hadi Chapel Hill kuuza matunda. Wanafunzi waligundua kwamba mtu huyu anayeuza matunda anaweza kutunga mashairi kichwani, na wakaanza kumwagiza: shairi la mapenzi kwa msichana fulani, herufi za mwanzo wa mistari zitengeneze jina lake. Walimlipa senti 25, wengine hadi 75. Alikuwa hajui bado kuandika, hivyo alitamka nao wakaandika. Ndivyo mabinti wengi wa watu wakubwa walivyopokea barua tamu zenye saini ya kijana msomi na maneno ya mtumwa.

Jambo ninalotaka ulione ni dogo zaidi. Katika maelezo ya maisha yake aliyoyatoa mwaka 1845, Horton anakumbuka kwamba kabla ya biashara ya mashairi, wanafunzi walikuwa wanamsimamisha awahutubie papo kwa papo. Ilikuwa burudani yao. Mtumwa anasimama, anatoa hotuba kama msemaji mkubwa, wasomi wanacheka na kupiga makofi. Baadaye aliona aibu akaacha, akachagua ushairi. Kwa hiyo katika mji uleule wenye kumbi mbili za kufundishia watu kuzungumza, mtu aliyekuwa na jambo la kusema kuhusu uhuru alisimamishwa kuzungumza, lakini nje ya ukumbi na kwa ajili ya kicheko. Kipaji chake walikiona. Vitabu walimpa: kamusi ya Johnson, Milton, Homer, Shakespeare. Kitu ambacho hawakumpa ni zamu.

Mwaka 1829 kitabu chake cha mashairi kilichapishwa mjini Raleigh. Jina lake lilihusu tumaini la uhuru, na nia ilikuwa fedha za mauzo zimnunue kutoka kwa bwana wake. Hazikutosha. Aliendelea kumlipa bwana wake ili aruhusiwe kutumia siku zake mwenyewe, mwanzoni senti 25 kwa siku. Tafakari hesabu hiyo: shairi moja la mapenzi lilikuwa bei ya siku moja ya kuwa kama mtu huru. Aliendelea hivyo kwa miongo kadhaa.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu swali hili halikuzaliwa Marekani kwangu.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa mtunza muda wa mdahalo. Kazi yangu ilikuwa saa na kengele. Mwaka huo Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mtoto hatarudi shule, na kama ilivyokuwa katika shule nyingi, wiki chache baadaye mada ikawa hiyo: wasichana waliopata ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni. Ijumaa mchana, ukumbi wa chakula, watetezi kushoto, wapinzani kulia. Kiingereza kilikuwa sharti. Nusu ya akili ya kila mzungumzaji ilikuwa kwenye sarufi, na mwalimu alikuwa na karatasi ya kuandika makosa.

Mzungumzaji mmoja wa wapinzani alijaribu kusema kwa Kiingereza kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Ukumbi haukumwelewa. Mwenyekiti akamruhusu arudie kwa Kiswahili, mara moja tu, na alipoirudia ukumbi ulilipuka kwa kicheko na makofi. Nilipiga kengele kwa sababu dakika zake zilikwisha. Katika darasa letu kulikuwa na dawati karibu na dirisha lililokuwa tupu tangu mwezi Machi, na hakuna aliyekuwa ukumbini ambaye hakujua kwa nini. Tulikuwa tumekula naye uji. Wapinzani walishinda, mwalimu akasema kiwango cha Kiingereza kimepanda, tukaenda kuteka maji.

Simlaumu aliyetoa methali ile. Alipangiwa upande, na alitumia silaha aliyokuwa nayo. Ninachouliza ni mpangilio wenyewe. Msichana yule alikuwa amegeuzwa chombo cha kufanyia mazoezi ya vitenzi vya wakati uliopita. Mzungumzaji aliyeshindwa siku hiyo hakupoteza kitu, na aliyeshinda hakupata kitu zaidi ya makofi. Mtu pekee ambaye angepata au kupoteza chochote kutokana na jibu alikuwa kilomita kadhaa mbali, labda anafua nepi. Sera ilikuja kubadilika Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Sina ushahidi kwamba mdahalo wowote wa Ijumaa ulichangia.

Mtu atanijibu: basi mwalikeni mhusika, shida imekwisha. Kuna mahali jambo hilo lilifanyika, na linafundisha zaidi ya nilivyotegemea.

Februari 1834, katika chuo cha theolojia cha Lane mjini Cincinnati, wanafunzi walijadili utumwa kwa jioni 18. Tisa za kwanza zilihusu kama watu wa majimbo ya utumwa waukomeshe mara moja. Tisa za pili zilihusu mpango wa kuwasafirisha watu weusi walio huru kwenda Liberia. Kiongozi wao alikuwa Theodore Weld. Baadhi ya waliozungumza walikuwa wana wa wenye watumwa, waliosimulia walichokiona majumbani kwao. Na palikuwa na James Bradley, mwanafunzi, aliyeibwa Afrika akiwa mtoto mdogo sana na kuuzwa. Alikuwa amejinunua mwenyewe kwa kulala saa chache na kufanya kazi zake usiku, akisuka makoa ya farasi kwa maganda ya mahindi. Alizungumza kwa karibu saa mbili.

Moja ya hofu zilizokuwa mezani ni hii: watumwa wakiachwa huru, wataweza kujitunza? Jibu la Bradley lilikuwa la mtu anayejua hesabu. Alisema mtumwa tayari anajitunza, na juu yake anamtunza bwana wake na familia ya bwana wake. Ukimtua mzigo huo, itakuwaje ashindwe? Hakuna mwana wa mkulima mkubwa ambaye angeliona jambo hilo kwa kupangiwa upande. Baada ya jioni hizo, karibu wote walikubali kwamba utumwa ukome mara moja. Kisha wakafanya kitu ambacho huwezi kukikuta kwenye kumbukumbu za Dialectic: walishuka mjini, wakafungua madarasa ya jioni na maktaba kwa watu weusi wa Cincinnati. Wadhamini wa chuo wakaogopa na kupiga marufuku mjadala wa aina hiyo. Wanafunzi wengi wakaondoka, na mwaka 1835 sehemu yao wakaenda Oberlin, chuo ambacho mwaka huo kilikubali kupokea wanafunzi bila kujali rangi.

Ningependa kuishia hapo kwa furaha, lakini kuna kitu kinanikera. Bradley alilazimika kusimama mbele ya vijana waliozaliwa huru na kuthibitisha kwamba anaweza kujilisha. Hakuna aliyewauliza wao wathibitishe hivyo. Kumpa mhusika zamu ni bora kuliko kumfungia nje, lakini kama swali lenyewe linamweka kizimbani, zamu yake ni zamu ya kujitetea. Hebu fikiria msichana wa dawati la dirishani ameitwa ukumbini, ana dakika nne, mwalimu ana karatasi ya makosa, na mada ni kama yeye ni samaki aliyeoza. Hiyo si haki zaidi. Inawezekana ni ukatili zaidi.

Kwa hiyo nimefika mahali ambapo naona tatizo haliko kwenye kujadili, wala haliko kwenye kutokuwepo kwa mhusika peke yake. Linaanzia kwenye namna swali linavyoundwa. Kila mada ina mshtakiwa, hata kama hakutajwa. Ukiuliza "Je, watumwa waachwe huru?", mshtakiwa ni mtumwa, na mwenye mtumwa ni hakimu. Uliza badala yake "Je, sisi tulio ukumbini tuna haki gani ya kuendelea kuwashika?", na viti vimebadilishana. Maneno ni yaleyale, ila sasa anayetakiwa kujieleza ni yule mwenye kitu mkononi. Vivyo hivyo mada yetu ya Ijumaa ingeweza kuwa: shule ifanye nini ili aliyejifungua amalize masomo? Hapo bado kuna ubishi mwingi na wa kweli, kuhusu fedha, kuhusu mtoto atabaki na nani, kuhusu mwanaume aliyempa mimba, kuhusu walimu. Pande mbili hazikosekani. Kinachokosekana ni ule uwezekano wa kumpigia mtu kura ya kumtoa katika ubinadamu.

Wapo watakaosema huku ni kukwepa, kwamba nimechagua jibu kabla ya mdahalo kuanza. Nakubali kwamba nimechagua jambo moja: kwamba mhusika ni mtu sawa na wajadili. Nauliza tu, ni mdahalo gani wa haki unaoweza kuanza bila jambo hilo? Mdahalo wenyewe umejengwa juu ya imani kwamba kila mtu mwenye akili anastahili zamu na sababu. Ukiuweka ubinadamu wa mtu mezani kama jambo linaloweza kushindwa kwa kura, umekata tawi ulilokalia.

Kuna kitu kingine kwenye historia ya Chapel Hill kinachoonyesha jinsi mchezo wa pande mbili unavyoweza kuwa ngome ya kutobadilika. Juni 1832 jumuiya zote mbili zilimwalika William Gaston, mwanasheria mashuhuri wa jimbo hilo, awahutubie. Gaston, ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa, aliwaambia vijana hao kwamba ni wajibu wa kizazi chao kufanya kazi ya kuuondoa utumwa. Hotuba ilichapishwa, ikarudiwa kuchapishwa. Miaka 24 baadaye, mwaka 1856, Benjamin Hedrick, mwalimu wa kemia katika chuo hichohicho na mhitimu wake, alisema waziwazi kwamba angempigia kura Frémont, mgombea aliyepinga utumwa usienee. Wanafunzi walichoma sanamu yake. Chuo kilimfukuza.

Naziweka habari hizo mbili bega kwa bega kwa sababu zinafafanua kanuni ambayo haikuandikwa kwenye katiba ya jumuiya yoyote: unaruhusiwa kusema chochote ilimradi isionekane unakimaanisha. Katika ukumbi, "utumwa ni uovu" ilikuwa hoja, na hoja ina mpinzani wake, na jioni inaisha. Katika gazeti, ikiwa na saini ya mtu anayekusudia kuingia kwenye chumba cha kura, sentensi ileile ilikuwa hatari. Vijana waliofundishwa kwa miaka mingi kwamba kila jambo lina pande mbili walipokutana na mtu mwenye upande mmoja, walitafuta kiberiti.

Hapa ndipo naona jibu langu kwa swali la mwanzo. Kuyafanya maisha ya mtu kuwa zoezi ni kosa pale zoezi linapokuwa mwisho wake. Mdahalo unamdai mtu aliyeshiriki. Ukishatumia shida ya mwenzako kunoa ulimi wako, una deni kwake, na deni hilo halilipwi kwa kusema vizuri. Wanafunzi wa Lane walilipa. Wa Chapel Hill, kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, walilipa faini za kuchelewa.

Horton aliachwa huru mwaka 1865, majeshi ya Muungano yalipofika, akiwa na zaidi ya miaka 60. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1859, akiwa bado mtumwa, alitoa hotuba kwa wanafunzi wa chuo kile, na mada yake aliichagua mwenyewe: uhuru na elimu. Maneno yake yaliandikwa na yamehifadhiwa. Leo kuna bweni chuoni hapo lenye jina lake.

Siku hizi nasaidia klabu ya mdahalo ya shule moja ya sekondari, Jumamosi asubuhi. Wanafunzi ni wepesi kuliko tulivyokuwa sisi. Nimewaomba kitu kimoja tu: kwenye daftari la katibu, chini ya swali na uamuzi, waongeze mistari miwili. Wa kwanza unasema nani anapata au anapoteza kutokana na jibu. Wa pili unasema tutafanya nini. Mwanzoni waliandika kwa kunifurahisha. Mwezi uliopita walileta mada kuhusu mshahara wa dada wa kazi, na binti mmoja wa kidato cha pili akasoma mstari wa kwanza, akanyamaza kidogo, akauliza kama dada wa kwao anaweza kuja kuzungumza. Wengine wakasema sawa, na wakabadilisha mada papo hapo, ikawa: kwa nini nyumba zetu zinamlipa dada chini ya zinavyomlipa fundi wa king'amuzi? Tatizo lilikuwa siku. Jumamosi dada huyo anafua.

Walibishana kwa dakika kumi, kisha wakahamisha mdahalo. Utakuwa Jumapili saa tisa, baada ya dada kumaliza vyombo, na binti yule ndiye atakayeviosha.